Kumchumbia Binti Apendaye Mazingira: Jibu kwa Fundi wa Jinja

Msomaji wetu mmoja, fundi wa magari anayeishi Walukuba mjini Jinja, ameniletea swali hili: «Shikamoo Shangazi. Nimempenda binti anayefanya kazi ya kulinda ardhioevu, naye anaishi Kampala. Tulipokutana mara ya kwanza niliagiza soda mbili, mhudumu akaleta na mirija, binti akairudisha kwa upole huku akinieleza inakoishia. Tangu siku hiyo naogopa kila kitu. Gari langu linatoa moshi, kwa hiyo naliegesha mtaa wa pili, kisha namfuata kwa miguu. Amekubali tukutane tena. Nimpeleke wapi, tule nini, nimpe zawadi gani isiyomkera? Na je, nijifanye mpenzi wa mazingira au ninyamaze?»

Marahaba, mpwa wangu. Katika kazi yangu ya mazingira ninaulizwa zaidi juu ya mitaro iliyoziba na ng'ombe walioingia msituni, kwa hiyo swali lako limenifurahisha, na nitalijibu kwa kirefu kwa sababu nakutakia mema wewe na binti huyo, pamoja na vinamasi anavyovilinda.

Nianze na sehemu ya mwisho, maana zile nyingine zinaitegemea. Usijifanye. Mwanamke ambaye kazi yake ni kutembea ndani ya mafunjo akitazama kilichopungua tangu msimu uliopita amezoea kuona kisichoonekana, na mwanamume aliyejifunza neno «bayoanuwai» jana usiku atagundulika kabla soda haijafunguliwa. Lakini usinyamaze pia, kwa kuwa unacho cha kumwambia kuliko unavyodhani. Wewe ni fundi wa magari katika mji uliojengwa pale pale ambapo maji ya Ziwa Victoria yanatoka na kuwa Mto Nile. Kila gari dogo unalolibadilishia oili linakuachia lita 4 hivi za oili chafu, iliyobeba chembe za metali zilizosagika ndani ya injini, na oili hiyo ikimwagwa mtaroni husafiri na mvua mpaka ziwani, ambako hutanda juu ya maji na kuzuia hewa isiwafikie viumbe walio chini yake. Sikutuhumu, wala sijafika katika gereji yako. Ninachosema ni kwamba kwa mwezi mmoja mikononi mwako hupita uchafu wa hatari kuliko ule ambao binti huyo angeweza kuuzuia kwa kurudisha kila mrija anaoletewa, na hii ni habari njema, kwa sababu jambo lililo mikononi mwako waweza kulitengeneza mwenyewe.

Tafuta pipa lenye kifuniko, ulisimamishe juu ya sakafu ya saruji chini ya paa, na kila tone la oili chafu liingie humo mpaka atakapokuja mkusanyaji mwenye kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Betri zilizokufa usiziache nyuma ya gereji zikichuruzika asidi na risasi. Zina bei, na wanunuzi wapo. Matambara yenye grisi yawe na chombo chake, yasichomwe jioni pamoja na majani makavu. Hili likiwa tayari, mwombe binti ushauri: mweleze mtaro wa gereji yako unaelekea wapi, umuulize udongo na mimea ya aina gani ingesaidia kuyachuja maji ya mvua kabla hayajafika ziwani. Wanaume wengi watamwambia kwamba macho yake ni mazuri, na huenda wakasema kweli, ila sidhani kama yupo aliyewahi kumuuliza habari za mtego wa oili, yaani shimo la kuinasa oili kabla maji hayajatoka gerejini. Atakaa wima kwenye kiti. Ukimwona anachukua kalamu ili akuchoree, fahamu kwamba mambo yako yanakwenda vizuri sana, na umwachie karatasi yote.

Sasa gari. Kutoka Jinja hadi Kampala ni kilomita 80 hivi, na gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10 litachoma lita 16 kwenda na kurudi. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo safari moja ya kumwona inaacha angani kilo 37 hivi. Ungekunywa soda mbili kwa mrija kila siku mpaka uzeeni, mirija yako yote ikikusanywa isingefikisha uzito huo. Najua kwamba plastiki na moshi hudhuru kwa njia mbili tofauti, na binti alikuwa na haki kabisa kuirudisha ile mirija. Nataka tu hofu yako uipeleke mahali inapostahili. Mueleze habari za gari mapema, kwa maneno machache. Kisha ulitengeneze, maana fundi ambaye gari lake linatoa moshi ana la kujieleza hata mbele ya mwanamke asiyejali mazingira hata kidogo. Wewe wajua kuliko mimi kwamba moshi wa buluu maana yake ni oili inayoungua na moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Likishapona, liache nyumbani siku za kumtembelea, upande taksi yenye abiria 14, ambayo ingekwenda Kampala hata usipokuwemo.

Tena kwa mkutano huu wa pili hamna haja ya mmoja kumfuata mwenzake mwendo wote. Msitu wa Mabira uko katikati yenu, nao una zaidi ya kilomita za mraba 300. Wewe panda taksi kutoka Jinja, yeye apande nyingine kutoka Kampala, mshuke Najjembe, ambako kuna kituo cha wageni na waongozaji wanaozijua njia za msituni. Nendeni asubuhi, mchukue mwongozaji, na umwambie binti mapema kwamba mwongozaji atakuwepo, ili asafiri akiwa na amani kuhusu kuingia msituni na mtu anayemfahamu kwa soda moja. Mtawaona tumbili wenye mkia mwekundu, mtawasikia hondohondo wakipita juu kwa kelele za mabawa yao, na mkibahatika mtawaona mangabi wa Uganda, nyani wadogo waliopewa jina la nchi yetu. Chini ya miti mikubwa hata mtu mwenye haya hupata la kusema, na akikosa, ukimya wa hapo haumtii mtu aibu.

Kabla ya kwenda, jua mahali unapompeleka. Mwaka 2007 serikali ilipopendekeza kuigawa takriban robo ya msitu huo, hekta 7,100 hivi, ili ipandwe miwa, wananchi waliandamana Kampala mwezi Aprili, watu wakapoteza maisha yao katika ghasia za siku ile, na mpango ukasitishwa. Miti mtakayopita chini yake imesimama kwa sababu kuna watu walioitetea. Binti anaijua habari hii bila shaka, kwa hiyo usimhutubie. Muulize tu alikuwa wapi wakati huo, hata kama alikuwa darasani. Wazee wa Kiganda humwachia shangazi, ssenga wao, kazi ya kumfundisha msichana mambo ya ndoa, na mimi, ingawa wewe ni mwanamume, kwa nafasi hiyo nakuagiza jambo moja: katika matembezi hayo maswali yako yawe mengi kuliko maelezo yako.

Kwa mkutano wa tatu, Mungu akijalia ufike, nendeni Mabamba, kinamasi kilicho upande wa pili wa ghuba kutoka Entebbe, ambacho tangu 2006 kimo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Huko wavuvi hupeleka wageni kwa mtumbwi kumtafuta bulwe, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu. Bulwe anaweza kusimama bila kutikisika kwa muda mrefu mno akimvizia samaki aitwaye kambare-mamba, na anayetaka kumwona hana budi kutulia vivyo hivyo ndani ya mtumbwi mwembamba. Zima simu. Usijaribu kumchekesha binti wakati huo, hata kama kichekesho ni kizuri. Mkiwa njiani tazameni mabondeni, huenda mkawaona korongo taji, ndege wa bendera yetu, ambao hukaa wawili wawili miaka mingi na kuchezeana ngoma kwa kurukaruka na kuinamiana vichwa. Tangu 2012 wamehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, kwa kuwa hutaga katika vinamasi, na vinamasi vyetu vimepungua kutoka takriban asilimia 15 ya eneo la nchi mwaka 1994 hadi chini ya asilimia 10. Ukimwona binti anatazama korongo wakicheza na macho yake yanalengwalenga machozi, usifikiri umemuudhi.

Nakuja kwenye chakula, na hapa nataka unisikilize vizuri, maana watu wengi hubeba chupa yao ya maji kwa fahari na kusahau kilicho chini ya sufuria. Kupata kilo moja ya makaa kwa tanuri la udongo la kienyeji huhitaji kati ya kilo 5 na 10 za kuni, na miti mingi inayokatwa kwa ajili ya sigiri, majiko ya makaa, za Kampala inatoka mbali, hasa kaskazini, mpaka Mei 2023 ikatolewa amri ya Rais ya kukataza biashara ya makaa katika maeneo ya Acholi, Lango, Teso, Karamoja na West Nile. Kwa hiyo muchomo, yaani nyama choma, wa mbuzi kwenye baa, hata ukiletwa bila mrija wala kaveera, yaani mfuko wa plastiki, umekula sehemu yake ya msitu. Sikukatazi nyama ya siku moja. Nasema kwamba siku utakayomkaribisha kwako Walukuba, pamoja na dada yako au majirani kama adabu inavyotaka, mpikie maharage kwa umeme. Yaloweke tangu usiku, uyatie kwenye sufuria ya presha ya umeme, na umwambie kwamba yameivishwa na Mto Nile, na itakuwa kweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Uganda hutokana na maji ya mto huo, kuanzia bwawa la Nalubaale lililofunguliwa 1954 hapo hapo Jinja. Umeme huo nao ulitozwa mahari: maporomoko ya Ripon yalizama bwawa lilipojengwa, na yale ya Bujagali yakazama miaka mingi baadaye. Binti akikukumbusha hilo, kubali, kisha umpakulie tena.

Kuhusu samaki, ngege (sato) wa ziwani haruhusiwi kuvuliwa akiwa chini ya sentimita 28, wala mputa (sangara) chini ya sentimita 50, kwa sababu aliye mdogo kuliko hapo huenda hajapata kuzaa hata mara moja. Hamna haja ya kwenda mkahawani na futi kamba mfukoni, jambo ambalo litawatisha wahudumu na kuwapa majirani wa meza habari ya wiki nzima. Tumia mkono wako: shubiri ya mtu mzima ni takriban sentimita 22, basi ngege anayekufaa azidi shubiri moja na robo. Pima kwa jicho kabla hajaingia kwenye mafuta, pale mwaloni Masese wanapopangwa kwenye meza, kwa kuwa akishakaangwa hata sheria haimrudishi ziwani. Kama huna uhakika, agizeni mukene, yaani dagaa. Ni samaki wadogo wanaozaliana upesi, hukaushwa kwa jua tu, na wana virutubisho vingi. Harufu yao hukaa vidoleni, nalijua hilo, ila mkila wote wawili hakuna atakayemsikia mwenzake.

Njiani Najjembe wachuuzi watakimbilia dirisha la taksi na mishikaki ya kuku na gonja, ndizi za kuchoma, za moto, na kila kimoja kitaingizwa katika kaveera kabla hujafungua mdomo. Mwaka 2009 mifuko myepesi ya plastiki ilipigwa marufuku na sheria, lakini bado inaelea katika kila mtaro. Beba bakuli lenye kifuniko, ulinyooshe nje ya dirisha mapema, na useme kwa sauti: «Tia humu!» Abiria watakutazama. Waache watazame. Fanya hivyo hata siku ambayo binti hayupo, la sivyo siku ambayo yupo bakuli litakushinda kufungua, na mchuuzi hatakungoja.

Zawadi. Usimpelekee waridi lililofungwa katika plastiki inayometameta, kwani maua hayo hukuzwa kwa dawa nyingi katika mashamba yaliyo karibu na ziwa, na mtu wa ardhioevu huenda anaijua mifereji ya mashamba hayo vizuri kuliko unavyojua barabara ya kwenu. Usimpelekee pia mche wa kalitusi: ni mti unaokunywa maji sana, na wako wanaoupanda kwenye kinamasi kwa makusudi ya kukikausha, kwa hiyo ungekuwa umempelekea adui yake ndani ya kikopo. Mche wa mvule ni mzuri ajabu, lakini mvule huchukua miongo kadhaa kabla ya kufaa kwa mbao, na msichana akipewa mti wa kungojwa na wajukuu katika mkutano wa pili atauelewa kuwa ni posa. Ungoje. Kwa sasa mpe mche wa pilipili au wa nakati, mboga ya majani, unaoota vizuri kwenye ndoo kuukuu mbele ya chumba cha kupanga na kuliwa kabla ya miezi michache kupita.

Ukitaka kitu cha kudumu, naipendekeza bila kusita nguo ya gome la mti, ile lubugo ya Baganda, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Gome huchunwa kwenye mti wa mutuba bila kuuangusha, shina hufungwa majani ya mgomba ili lisikauke, na gome jipya huota tena, hivyo mti mmoja humpa fundi kitambaa kwa miaka mingi huku ukiendelea kumpa kivuli. Sijui nguo nyingine inayovuliwa kwenye mti ulio hai na mti ukabaki hai. Lakini angalia sana: usimpe shuka zima lisiloshonwa. Lubugo ndiyo Waganda huwafungia maiti wao, na bibi yake akiliona shuka hilo likiletwa mlangoni na kijana asiyemfahamu, ataanza kulia na kuuliza ni nani aliyefariki, nawe utaukumbuka mkutano huo kwa sababu usizozitaka. Mpe mkoba au jalada la daftari lililoshonwa kwa lubugo. Mavazi yako mwenyewe yasikusumbue. Shati la mtumba kutoka soko la Owino, lililofuliwa na kupigwa pasi, linatosha, na ni nguo moja ambayo haikuhitaji kutengenezwa upya.

Mkifikia siku ya kwanjula, sherehe ya kukutambulisha kwa wazazi wa binti, nami natumaini mtafikia, hapo ndipo mtazalisha taka nyingi kuliko miaka yote ya uchumba wenu, na hapo ndipo binti atatazama kama ulimaanisha ulichosema. Chakula chenyewe hakina shida kubwa: matoke huivishwa ndani ya majani ya mgomba, luwombo, yaani mchuzi wa nyama au kuku, nayo hufungwa ndani ya jani hilo hilo, na majani yakishatumika mbuzi huyamaliza. Shida iko kwenye chupa za maji. Wageni 200 wakipewa chupa mbili mbili ni chupa 400 zilizosambaa chini ya hema kabla mchana haujakwisha, nyingi zikiwa zimenywewa nusu. Shida nyingine ni msafara wa magari 15 yenye watu wawili wawili, wakati mabasi madogo matatu yangewabeba wote na nyimbo zao. Vikapu vya zawadi viwe vya ukindu, na visifunikwe kwa karatasi za plastiki za kumeremeta, ingawa wapambaji watakusisitizia.

Yote haya yanawezekana, ila kwa mpangilio huu. Nenda kwa wazee wa upande wako wiki nyingi kabla, ukiwa na mzee mmoja aliyekwisha kukubaliana nawe, uwaeleze kwamba maji yatachemshwa, yatapoa kwenye mitungi mikubwa, na vijana waliovaa kanzu watayamimina kwa jagi katika bilauri za kukodi. Usiseme kwamba ni kwa ajili ya mazingira peke yake. Waambie pia ni kiasi gani cha fedha kitabaki, na kwamba kumiminiwa maji na kijana aliyeinama kwa adabu ni heshima ambayo chupa haiwezi kumpa mgeni. Hesabu bilauri mara mbili, ongeza 30 kwa ajili ya zitakazovunjika, na umteue shangazi mmoja mkali kuzisimamia. Fanya hayo kabla kamati haijalipa malipo ya awali kwa muuza maji, maana akishapokea fedha hazirudi.